Tumekwea pipa, nani atatusemesha?

Korosho kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu ndani ya ile ndege hakukuwa na kingine cha kufanya. Pakiti yenyewe ilikuwa ndogo kama ya shampuu ya dukani, imevimba kwa hewa nyepesi ya kule juu mithili ya shavu la mtoto mwenye pipi, na nilipoipasua mbili zikaruka zikaingia chini ya siti ya mbele. Kwa hiyo, kusema kweli, nilikula tisa.

Dirishani alikaa bibi mmoja wa Kibosho, kavaa kitenge ambacho bado kilikuwa na mistari ya mkunjo wa dukani. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumwona kitukuu wake wa kwanza, na ndiyo kwanza anapanda ndege. Aliigeuzageuza pakiti yake, kisha akaniinamia.

"Hii ni shilingi ngapi, mwanangu?"

"Ni ya bure, bibi. Imo humohumo kwenye nauli."

"Basi si ya bure," akasema, akaisukumia ndani ya pochi pamoja na boksi la juisi, mrija wake na ile karatasi ya kufutia mikono.

Nimesoma makala nyingi za biashara ya ndege. Sikumbuki iliyolisema jambo hilo kwa maneno machache kuliko yale.

Ukirudi Moshi au Arusha baada ya kukwea pipa, swali la kwanza kijiweni halibadiliki: wamekupa nini? Ukijibu juisi na korosho, watu wanaangua kicheko. Laki mbili na ushee halafu korosho! Basi linaloondoka alfajiri nalo linagawa soda, maji na biskuti, na nauli yake ni kipande tu cha hiyo. Malalamiko haya nimeyasikia miaka na miaka, na mimi mwenyewe nimeyatoa mara kadhaa nikiwa nimelegeza tai na nina njaa. Siku hizi naona tunamkamata asiye mwizi. Ubovu wa huduma katika ndege zetu za ndani hauko kwenye trei, uko kwenye kipaza sauti.

Trei tuimalize haraka. Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Dar kwa njia ya anga ni kama kilomita 450. Pangaboi, kama tulivyozoea kuziita ndege za mapanga, inazimaliza kwa saa moja na dakika chache. Ondoa dakika za kupanda na za kushuka, ambapo taa ya mkanda inawaka na wahudumu nao wamefungwa kwenye viti vyao. Inabaki nusu saa hivi ya kusimama na kutembea. Kanuni ya kawaida ya usafiri wa anga inataka mhudumu mmoja kwa kila siti 50, kwa hiyo ndege ya siti 70 ikiwa na wahudumu wawili, kila mmoja ana abiria 35. Piga hesabu: sekunde 51 kwa kila abiria, na ndani ya hizo kuna kumuuliza anataka nini, kumpa, kumsubiri abadilishe mawazo, halafu kurudi kukusanya takataka. Nani atapakua machalari kwa sekunde 51? Tena wale mabinti na vijana hawakuwekwa mle kwa ajili ya juisi. Sheria imewaweka ili ndege ikipata balaa wakutoe nje ukiwa hai. Juisi ni kibarua cha ziada.

Na hata wangepakua, ulimi wako kule juu si ule uliouacha Boma Ng'ombe. Shirika la Lufthansa liliwahi kuwapa kazi wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani wachunguze kwa nini chakula cha angani hakina ladha, ikaonekana kwamba hewa ile kavu na ya shinikizo dogo inafifisha chumvi na sukari mdomoni. Ndiyo maana korosho zile zilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Kahawa nayo ni kilio kingine. Unaondoka katikati ya nchi ya kahawa, eneo ambalo chama cha ushirika cha KNCU kimekuwapo tangu 1933, halafu ndani ya ndege, ukibahatika kupewa kahawa, ni unga wa pakiti uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Maji yenyewe yana udhuru wake: hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlimani kwenye mita 2,400, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki mia. Mimi kahawa nimeshasamehe. Ombi langu ni kashata tu. Wale wauza kahawa wa stendi ya Moshi, wenye birika na vikombe vidogo, wanajua siku zote kwamba kashata haimwagiki, haihitaji jiko na haiozi. Lakini hilo ni ombi la mlafi, tuliache.

Burudani nayo watu wanaidai kama deni. Skrini iko wapi? Muziki uko wapi? Abiria walianza kuonyeshwa filamu angani zamani sana, mwaka 1921 huko Chicago, na leo kwenye ndege kubwa za masafa marefu kila kiti kina kioo chake. Ila hiyo ni dawa ya safari ya saa nane, kumi, kumi na mbili. Kufunga vioo 70 na nyaya zake kwenye pangaboi ni kubeba uzito kila siku, asubuhi na jioni, na uzito angani unalipiwa kwa mafuta, na mafuta analipa yule bibi wa Kibosho. Yote hayo ili mtu aone nusu ya filamu. Hapana. Siti bila skrini si dhambi.

Sasa njoo kwenye basi, maana bila basi hoja yangu haitasimama.

Kutoka Arusha hadi Stendi ya Magufuli pale Mbezi ni kilomita zaidi ya 600 na saa kumi hivi za kukaa. Ndani kuna televisheni inayoonyesha Bongo muvi kwa sauti ya kuamsha wafu, kiyoyozi chenye akili zake, na jirani anayekula yai la kuchemsha. Kwa vipimo vya starehe, ndege inalishinda basi asubuhi na jioni. Lakini basi lina konda, na konda anasema. "Jamani wasafiri, hapa Mombo tunasimama dakika ishirini, chakula kipo, choo kiko nyuma upande wa kushoto, ukiachwa usije ukanitafuta." Porini huko: "Dakika tano za kuchimba dawa, akina mama upande huu, wanaume ule." Gari likikamatwa na trafiki, ndani ya dakika mbili basi zima linajua ni mwendo, ni tairi au ni leseni. Tairi likipasuka maeneo ya Mkumbara, wote mnashuka, mnaliona, suka yuko chini kafungua shati, na kabla jeki haijakaa sawa tayari imeundwa kamati ya abiria yenye mwenyekiti na mpinzani. Hakuna anayefurahi. Ila hakuna aliyeachwa gizani.

Nilifananishe hilo na mchana wangu pale KIA. Ndege ilikuwa ya saa nane. Saa sita unusu, nikiwa juu ya bodaboda kutoka njia panda, begi limebanwa katikati yangu na dereva, simu ikatetemeka: ujumbe wa Kiingereza, unaniita mteja mpendwa, unanijulisha kwamba muda umebadilika na kuwa saa kumi kwa sababu za kiutendaji. Saa tisa na nusu ukaja mwingine, herufi kwa herufi uleule, isipokuwa saa: kumi na moja na nusu. Shirika silitaji, maana nikilitaja wasomaji watadhani nina ugomvi nalo, na ukweli ni kwamba ujumbe huohuo ningeweza kuupata kutoka shirika jingine.

Ukumbini hali ilikuwa hivi. Kulikuwa na familia ya watu watano wanaowahi mazishi Kigamboni, wanapiga simu kila baada ya robo saa kuomba mwili usitolewe kwanza. Kulikuwa na jamaa mwenye suti ambaye kikao chake kilikuwa kimekwisha kufa, sasa anakizika kwa chupa ya pili. Na kulikuwa na bibi wa Kibosho, ambaye mjukuu wake alimwacha mikononi mwangu pale mlango wa ukaguzi kwa maneno "anko, nisaidie kumwangalia." Nilimsomea ule ujumbe kwa Kiswahili.

"Sababu za kiutendaji ndiyo nini?"

"Maana yake kuna kazi haijaenda sawa, bibi."

"Kazi gani?"

Nilimfuata dada wa kwenye kaunta, nikamuuliza swali la bibi kama lilivyo. Alinitazama kwa huruma ya mtu ambaye naye anasubiri kuambiwa. "Kaka yangu, hata sisi tumeletewa hivyohivyo."

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Dada yule hakuwa mkorofi, wala hakuwa mvivu. Hakuwa na habari. Habari ilikuwa Dar, kwenye chumba ambacho watu wanaangalia ndege zote kwenye kompyuta, na ilipoteremka hadi KIA ilikuwa imekwisha kamuliwa ikabaki maneno matatu yasiyo na kitu ndani. Kuchelewa kwa ndege zetu, mara nyingi, si fumbo. Ndege moja inazunguka siku nzima kama daladala: Dar, Mwanza, Dar, KIA, Dar, Dodoma. Ikikwama nusu saa asubuhi kwa mvua, hiyo nusu saa inarithishwa safari hadi safari, inazaa, na anayeishia kumbeba mjukuu wa ile nusu saa ni abiria wa jioni. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri gari la shamba anaielewa habari hiyo akielezwa mara moja. "Ndege yenu ilichelewa kutoka Mwanza kwa sababu ya mvua, sasa iko Dar inajaza mafuta, itatua hapa saa kumi na moja." Ni sekunde kumi za maneno. Familia ya mazishi ingejua iwaambie nini waliokaa na jeneza.

Kwa nini hayasemwi? Nimewahi kuzungumza na watu wa kazi hiyo, na ninachokisikia chini ya majibu yao ni hofu za aina mbili. Ya kwanza ni kwamba ukitaja sababu umekiri kosa, na aliyekiri kosa atadaiwa. Ya pili ni kwamba ukisema "fundi anabadilisha kifaa," nusu ya ukumbi itasikia "ndege ni mbovu" na kabla ya jioni iko kwenye makundi yote ya WhatsApp. Hofu hizi nazielewa, hasa ya pili. Lakini kimya hakiuzuii uvumi, kinaupa chumba na kitanda. Siku ile, ukumbini, nilisikia sababu nne za kuchelewa kwetu: kigogo anasubiriwa, mafuta yamekwisha, rubani anaumwa, na ndege imekodiwa na msanii. Zote zilisemwa kwa uhakika mkubwa. Ile ya msanii ndiyo iliyopata wafuasi wengi.

Kwetu huku tuna kisa kikubwa zaidi cha watu kukaa ndani ya ndege wakisubiri. Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya shirika la kigeni iliyokuwa inakuja KIA ilitua kwa makosa Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, ambao haukujengewa ndege za ukubwa ule. Abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa sababu Kisongo hakukuwa na ngazi ya kufikia mlango. Watu wa Arusha walikwenda kupiga picha uzioni. Kila nikikumbuka, huwa najiuliza jambo moja dogo: rubani aliwaambia nini, na kwa sentensi ipi alianza?

Kwamba abiria wa hapa ana subira akielezwa mapema, hilo tulishaliona. Novemba 2012 Fastjet ilipoanza safari zake za Airbus A319 kutoka Dar kwenda Mwanza na KIA, ilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Mji wa Moshi ulichangamka. Watu ambao ndege walikuwa wanaiona tumbo tu ikipita juu ya migomba walipanda. Ndani hakukuwa na cha bure hata maji, unanunua. Begi kubwa unalilipia. Walilalamika wachache, ila wengi walinunua chapati ya kufungia njiani wakaingia nayo. Hawakuona wameonewa, kwa kuwa masharti yalitangulia kusemwa. Shirika lile lilisimama mwaka 2018 kwa matatizo yake mengine, na zile bei hazikurudi, lakini somo la wale abiria nalishika: mtu anavumilia unyimi uliotangazwa kuliko ukarimu wenye mafumbo.

Kisongo hiyohiyo inanipa mfano mwingine, na huu ndio unaoniuma. Nenda asubuhi, utazikuta Cessna Caravan zimejipanga zikichukua watalii kwenda Seronera na viwanja vingine vya mbugani. Abiria kumi na mbili, injini moja. Rubani anageuka kwenye kiti chake, anawatazama usoni, anawaeleza mkanda unafungwaje na mlango unafunguliwaje, safari ni dakika ngapi, na kama kutakuwa na mtikisiko wapi utaanza. Wakiwa hewani anawaonyesha Ol Doinyo Lengai, anawaonyesha kingo za Ngorongoro. Mgeni anashuka akijua jiografia ya nchi hii kuliko mbunge. Mwenyeji, kilomita hamsini hivi mashariki, anapakiwa kwenye ndege kubwa zaidi na kusafirishwa kama kifurushi kilichofungwa vizuri.

Utasema, wale wamelipa dola. Ni kweli. Lakini maneno ya rubani hayapimwi kwenye mzani wa mizigo.

Turudi ndani ya ndege yetu, ambayo hatimaye iliruka saa kumi na mbili kasoro. Maelezo ya usalama yalitolewa kwa lugha mbili, nashukuru. Ya Kiingereza yalisomwa taratibu, na ya Kiswahili yakasomwa kama mtu anayekimbilia kuzima jiko. Bibi hakushika hata moja. Nilimwonyesha jaketi la kujiokolea kwa kuligusa chini ya siti yake, na akaniuliza kuna ziwa gani njiani. Baada ya hapo rubani akaongea, Kiingereza kitupu, kwa ile sauti ya kutoka ndani ya mtungi ambayo nadhani marubani wote duniani wanafundishwa chuo kimoja. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa makongamano na ngoma. Mle ndani, kwa kuwaangalia, sidhani kama walikuwapo watu wanane wasiojua Kiswahili.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anasema tupo juu sana."

Akatikisa kichwa, akageukia dirisha. Na dirisha, wasomaji wangu, ndiyo burudani yenyewe. Sijui njia nyingine ya saa moja katika nchi hii yenye mambo mengi ya kuona kwa upande wa kushoto kama KIA kwenda Dar. Ukiruka kuelekea mashariki, Kilimanjaro unasimama kushoto kwako, mita 5,895, na pangaboi inapanda hadi kimo kinachokaribiana na kilele au kukizidi, kwa hiyo Kibo ambayo maisha yako yote umeiinulia shingo unaitazama macho kwa macho. Mawenzi iko pembeni yake imechongoka. Chini ni mashamba ya miwa ya TPC, miraba ya kijani iliyopimwa kwa rula katikati ya nchi kavu. Kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa na Ruvu zinakutana na kuwa mto Pangani. Kisha milima ya Pare, kisha Usambara, mgongo baada ya mgongo. Walio kulia nao wana chao: mara tu baada ya kuruka, wakiwahi, wanaiona Mererani, na ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa mwaka 2018 kuizunguka migodi ya tanzanaiti, jiwe ambalo halichimbwi kwingine kokote duniani. Halafu mbuga ya Simanjiro, wazi, mpaka macho yachoke.

Hakuna aliyesema neno. Watu walikuwa wamelala, au wanapitia picha za zamani kwenye simu zisizo na mtandao. Mimi nilikuwa nahesabu korosho.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa shirika lingine, safari ya asubuhi. Tulipokuwa kama usawa wa Same kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya kijana ikasema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, cha mtu anayeongea na shangazi zake: "Habari za asubuhi tena. Walio upande wa kulia, mlima leo haujajifunika, tumepewa zawadi. Hayo maji mnayoyaona chini ni bwawa la Nyumba ya Mungu. Walio kushoto poleni, ila msiache siti zenu wote mkaja kulia, ndege itanikasirikia." Basi. Haikufika hata nusu dakika.

Nilitamani ungeona kabini ilivyogeuka. Jamaa aliyekuwa anaandika ripoti alifunga kompyuta. Mama mmoja wa kushoto alisimama hata hivyo, mhudumu akamwomba akae, akakaa kwenye mkono wa siti ya mtu asiyemjua. Wanaume wawili, mmoja wa Rombo na mwingine wa Machame, walianza kubishana mlima unapendeza zaidi ukitazamwa kutoka wapi, wakaendelea mpaka kwenye mikanda ya mabegi. Mtoto wa miaka mitano hivi, nyuma yangu, aliligandamiza pua dirisha muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya kusikika siti sita mbele: "Mama, yumo?"

"Nani?"

"Mungu. Si nyumba yake?"

Ndege nzima ilicheka. Hakuna skrini ingefanya hivyo.

Najua yanayoweza kusemwa kunipinga. Marubani hawaruhusiwi porojo ndege ikiwa chini ya futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi, wakati wa kupanda na kushuka. Ni kanuni nzuri iliyozaliwa na ajali, na siombi mtu aivunje ili anionyeshe miwa. Juu ya hapo wana nafasi, na milima haijaondoka. Marubani wengine ni wageni, hawajui Kiswahili wala Same. Sawa, mhudumu anajua, apewe kipaza sauti na mistari minne. Wapo pia abiria wanaotaka kulala, na wana haki yao, ingawa waliolala kwenye basi la Bongo muvi wasinishitaki kwa sentensi tatu. Kuhusu kuchelewa hata sina la kujadili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo tangu 2003, na ina baraza la kusikiliza watumiaji wa huduma. Kama kuna sharti moja ningependa waliandike kesho ni kwamba kila tangazo la kuchelewa litaje sababu inayoeleweka, kwa Kiswahili, na limpe habari hiyo dada wa kaunta kabla ya kumpa mteja mpendwa.

Na waharakishe, maana Desemba haiko mbali. Mnazijua safari za Desemba, Wachaga wanapopanda kurudi nyumbani "kuhesabiwa," tiketi zinapogeuka dhahabu na ndege zinapobebeshwa mizunguko hadi usiku. Wengi wao watakuwa wanasafiri na mama zao na bibi zao.

Wangu tulitua naye giza limeshaingia. Taa za Dar zilimshangaza kwa dakika moja, akazizoea. Magurudumu yalipogusa chini alinishika mkono, akauachia mara moja kama aliyeazima. Ndege ikiwa inatembea taratibu kuelekea jengo la abiria, rubani akarudi kwenye kipaza sauti, Kiingereza kilekile, mtungi uleule.

"Anasemaje sasa?"

"Anasema karibuni Dar es Salaam, nje kuna joto, nyuzi 31."

Bibi alikuwa ameshafungua mkanda, pochi imekaa mapajani na korosho zake ndani.

"Joto la Dar nalijua," akasema. "Nilidhani anasema kwa nini tumechelewa."